Antena ni Nusu ya Redio: Namna ya Kuiunganisha na Kuilinganisha na Mashine

Mtoto aliyelelewa katika kambi ya jeshi au katika nyumba za polisi huujua mlio wa simu ya upepo kabla hajajua kusoma. Huwasikia wakubwa wakiita, wakingoja, kisha wakiita tena. Lakini yako matumizi mengine ya redio yasiyotegemea cheo cha mtu wala zamu yake, nayo ni redio ya ridhaa. Mwenye redio ya ridhaa ni mtu binafsi aliyejifunza, akapata leseni na alama yake ya mwito. Huzungumza na wenzake wa karibu na wa mbali pasipo malipo wala biashara, kwa ajili ya elimu, urafiki, na msaada wakati wa dhiki.

Aghalabu anayeanza huuliza ni mashine gani ainunue, ina wati ngapi na bei yake ni kiasi gani. Ni mara chache kumsikia akiuliza habari za waya utakaotundikwa nje. Makala haya yanahusu waya huo, kebo inayoushusha hadi mezani, na namna ya kuvilinganisha vyote viwili na mashine. Nayaandika kwa sababu niliwahi kulidharau jambo hili, nikajuta.

KUITA BILA KUSIKIKA

Miaka michache iliyopita nilihamishiwa kituo kimoja cha mashambani, mbali na mji wa wilaya. Nilikuwa na leseni, na nilikuwa na mashine ya kupokea na kurusha yenye nguvu ya wati 100, niliyoinunua kwa kujinyima mengi. Nilifunga antena ya waya baina ya mwembe na nguzo, nikashusha kebo hadi dirishani, nikatazama kipimo. Kilionyesha uwiano wa 1.6 kwa 1, ambao si mbaya. Majuma ya kwanza nilijibiwa vizuri na wenzangu wa wilaya ile na wa wilaya jirani.

Mvua zilipoanza, majibu yakapungua. Nilisema moyoni kwamba ni hali ya anga. Tena kipimo kilikuwa kikizidi kuwa kizuri: kutoka 1.6 kilishuka hadi 1.3, kisha 1.1. Niliandika tarakimu hizo katika daftari langu kwa fahari. Nilikuwa na taarifa nzuri mezani. Ningetafuta kosa la nini?

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Daraja likafunikwa na maji, na mtandao wa simu za mkononi ukazimika. Mnamo saa kumi za jioni, mvua na radi zilipokwisha kupita, mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mumewe ni askari polisi, naye alikuwa zamu mbali. Wanawake watatu walikuja mlangoni kwangu. "Mwalimu, si una ile redio yako?" mmoja akaniambia. "Tuitie gari la wagonjwa lije ng'ambo ya daraja."

Nilifungua mashine. Niliwasikia wenzangu wawili wa mjini wazi kabisa, wakizungumza habari za betri. Walipotua nikaita. Wakaendelea na mazungumzo yao. Nikaita tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba sauti ya mdomo ingesaidia. Hawakuonyesha dalili yoyote ya kunisikia. Baada ya dakika chache mmoja alimuaga mwenzake, masafa yakawa kimya. Wale wanawake walinitazama, wakaondoka pasipo kusema neno.

Vijana wanne walimbeba yule mama kwa machela, wakamvusha kwa mtumbwi, na mtoto akazaliwa salama usiku ule katika kituo cha afya. Mungu alisaidia, na vijana walisaidia. Redio yangu haikusaidia kitu.

Juma lililofuata alinijia mzee mmoja, sajini mstaafu aliyetumikia mawasiliano kwa miaka mingi. Hakuigusa mashine. Alipanda ngazi, akaifungua kebo kutoka kwenye antena, akaiacha ikining'inia hewani pasipo kuunganishwa na kitu chochote.

"Punguza nguvu mpaka mwisho," akaniagiza. "Bonyeza kidogo tu, kisha unisomee kipimo."

Nikasoma: 1.1.

Mzee akacheka. "Mwalimu, kebo yako haina antena, na kipimo bado kinasema mambo ni mazuri. Basi kimekuwa kikikwambia hivyo siku zote."

Tuliikata kebo ile karibu na ncha ya juu. Maji yakachuruzika, na nyuzi za shaba ndani yake zilikuwa zimekuwa nyeusi kama masizi. Kwa hesabu yetu, katika wati 100 zilizotoka mezani, zilizofika kwenye antena hazikutimia 10. Nyingine zote zilikuwa zikipasha moto maji yaliyomo ndani ya kebo.

KAMBA MBILI NA WIMBI MOJA

Ili kuelewa jambo hili, chukua kamba mbili, moja nyembamba na moja nene, uzifunge pamoja. Mtoto mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile, kisha mmoja aitikise kamba mara moja kwa nguvu. Wimbi litakimbia hadi kwenye fundo. Hapo sehemu yake itaendelea mbele, na sehemu nyingine itamrudia aliyeitikisa. Kamba zikiwa za unene mmoja, wimbi hupita pasipo kurudi. Nililifanya jaribio hili darasani mara nyingi. Halina gharama, na lafaa kufanywa uani pamoja na watoto.

Umeme wa redio nao hufuata kanuni hiyo. Mashine nyingi za siku hizi zimeundwa zitoe nguvu zake kwa ukinzani wa omu 50. Kebo ya kawaida ya redio, yenye kiini cha shaba katikati na msuko wa nyuzi za shaba kuizunguka, hutengenezwa kwa omu 50 vilevile. Antena nayo ikiwa na omu zinazokaribia 50, nguvu hupita kama wimbi katika kamba za unene mmoja. Antena ikiwa na omu 20 au 200, sehemu ya nguvu hurudi. Wimbi liendalo na wimbi lirudilo hukutana ndani ya kebo, hata umeme ukawa mkubwa mahali pamoja na mdogo mahali pengine. Uwiano baina ya ule mkubwa na ule mdogo ndio tunaoupima. Kwenye vipimo vingi huandikwa kwa herufi tatu, SWR.

Uwiano wa 1 kwa 1 maana yake hakuna nguvu irudiyo. Kwa 1.5 hurudi asilimia 4, kwa 2 asilimia 11, na kwa 3 asilimia 25. Kwa hiyo anayepoteza siku nzima akiishusha 1.5 iwe 1 anatafuta faida ambayo msikilizaji wake hataitambua kamwe. Ikipita 2, hata hivyo, mashine nyingi huanza kujipunguzia nguvu ili transista zake zisiungue, na mashine isiyo na kinga hiyo huweza kuharibika.

Sasa fikiri tena juu ya kebo yangu. Kipimo kilicho mezani hupima kile kinachorudi mezani. Nguvu ikipotea njiani hairudi, nacho kipimo husema yote ni sawa. Mafundi wana kifaa kiitwacho mzigo bandia: ni kikinza cha omu 50 kinachomeza nguvu yote na kuigeuza kuwa joto, ili mashine ijaribiwe pasipo kurusha. Uwiano wake ni 1 kwa 1, nacho hakisikiki popote. Kebo yangu iliyojaa maji ilikuwa imegeuka mzigo bandia wa meta ishirini.

Na mbona nilikuwa nikiwasikia wengine? Katika masafa haya kelele za anga huingia kwa nguvu pamoja na sauti. Kebo mbovu huzipunguza zote mbili kwa kadiri moja, hivyo sikio halitambui hasara. Kupokea vizuri si ushahidi kwamba unarusha vizuri.

KUUPIMA WAYA

Antena rahisi na aminifu kwa anayeanza ni dipoli, yaani waya mmoja uliokatwa katikati, kila nusu ikaelekea upande wake, na kebo ikaunganishwa pale katikati. Tuchukue mfano wa bendi ya meta 40, ambayo katika eneo letu la dunia ni kati ya megahezi 7.000 na 7.200. Bendi hii hufaa mchana kwa mawasiliano ya ndani ya nchi, kama vile kutoka Kampala hadi Gulu, mwendo wa barabara upatao zaidi ya kilomita 300.

Urefu hupatikana kwa kugawanya 142.6 kwa masafa unayoyataka, nawe utapata meta. Kwa megahezi 7.1 jawabu ni meta 20.08, yaani meta 10.04 kila upande. Usikate hivyo mara moja. Kata meta 10.5 kila upande, kwa maana ardhi, miti na mabati ya paa yaliyo karibu hubadili hesabu, na waya mrefu hupunguzwa kwa urahisi kuliko waya mfupi kuongezwa.

Waya wowote wa shaba wenye nguvu ya kujishikilia wafaa, hata ule wa kuwekea umeme nyumbani. Katikati na kwenye ncha zote mbili weka vihami. Vipande vya bomba la plastiki la maji vilivyotobolewa vinatosha kabisa. Kutoka kwenye vihami vya ncha endelea kwa kamba ya nailoni hadi mtini. Pitisha kamba katika kapi, ili antena ishuke na kupanda bila mtu kukwea, na acha ulegevu kidogo, kwa kuwa mti huyumba na waya uliokazwa hukatika.

Juu ya urefu kutoka ardhini, usivunjike moyo kama huna mnara. Dipoli ya bendi hii iliyotundikwa meta 7 au 8 hivi hurusha nguvu zake nyingi kuelekea juu, nazo hurudishwa chini na tabaka la anga lenye umeme na kuenea pande zote kwa mamia ya kilomita. Hilo ndilo tulitakalo kwa mazungumzo ya ndani ya nchi. Usiku, tabaka hilo linapodhoofika, vituo vya karibu vyaweza kutoweka na vya mbali vikaingia. Hapo si kosa la waya wako.

KEBO NA VIUNGO VYAKE

Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 yatosha kwa bendi ya meta 40. Kwa urefu wa meta 20 hupoteza kadiri ya sehemu moja katika sita za nguvu, hasara isiyosikika sana. Lakini kebo hiyohiyo ikitumika kwa masafa ya megahezi 145, yatumiwayo na redio ndogo za mkononi, hupoteza zaidi ya nusu. Huko yafaa kebo nene kama RG-213. Kebo ya televisheni iuzwayo kila duka ni ya omu 75, na mara nyingi msuko wake ni wa alumini usioshika risasi ya kulehemu. Itumie ukikosa nyingine, lakini usiihesabu kuwa sawa na ile ya redio.

Pale katikati ya dipoli, kiini cha kebo huenda nusu moja ya waya na msuko huenda nusu ya pili. Lehemu viungo vyote viwili. Kusokota tu hakutoshi, kwa maana shaba hupata kutu ikawa haipitishi umeme sawasawa. Kisha ziba kabisa mdomo wa kebo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na juu yake utepe wa umeme. Mdomo huo ndio mlango wa maji, na maji yakishaingia katika msuko husafiri meta nyingi kama mafuta katika utambi. Fanya hivyo hata kama ni kiangazi. Mimi niliuacha wazi nikisema nitarudi kuuziba.

Kabla kebo haijaingia nyumbani, ishushe chini ya kimo cha dirisha kisha ipandishe, ili maji ya mvua yadondoke pale chini badala ya kufuata kebo hadi mezani.

Liko jambo jingine. Dipoli ina pande mbili zilizo sawa, lakini kebo haina: kiini chake kimefichwa na msuko wake uko nje. Kwa sababu hiyo sehemu ya umeme huweza kurudi juu ya ngozi ya kebo hadi chumbani. Dalili zake ni kipaza sauti kinachochoma mdomo unaporusha, na televisheni ya jirani kukoroma. Dawa ni kuizungusha kebo yenyewe, karibu na katikati ya antena, mizunguko sita hivi yenye upana wa sahani ya chakula, ukaifunga kwa kamba isifumuke. Kwa RG-58 katika bendi hii, kiasi cha meta 4.5 za kebo hutosha. Mzunguko huo huzuia umeme wa nje na kuupitisha ule wa ndani.

KUUNGANISHA MASHINE

Mpangilio wa kazi ni huu. Kwanza unganisha antena. Pili, waya wa ardhi kutoka mgongoni mwa mashine hadi fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje. Mwisho kabisa, umeme. Usirushe hata mara moja pasipo antena au mzigo bandia.

Mashine ya wati 100 hutumia volti 13.8 na yaweza kuvuta ampea 20 au zaidi wakati wa kurusha. Betri ya gari huweza kuihudumia, lakini nyaya ziwe nene na fupi, zenye fyuzi katika waya wa chanya na wa hasi karibu na betri. Kabla ya kubana skrubu, angalia rangi mara mbili: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Kosa la hapa ni la sekunde moja, na marejeo yake ni mshahara wa miezi kadhaa.

Plagi ya antena ibanwe kwa mkono hadi ikaze. Baada ya kuilehemu, tumia kipimo cha omu kabla kebo haijaunganishwa na antena: baina ya kiini na msuko pasiwe na mawasiliano yoyote, na kiini cha ncha hii kiwasiliane na kiini cha ncha ile. Kisha fanya lile jaribio la mzee. Acha ncha ya mbali wazi, weka nguvu ndogo kabisa, rusha kwa sekunde moja. Kebo nzima itapeleka mshale hadi mwisho wa kipimo, kwa kuwa nguvu yote inarudi. Mshale ukitulia mahali pazuri, kebo hiyo itupe.

KULINGANISHA

Sasa tundika antena mahali pake pa kudumu. Weka wati 5 au 10. Sikiliza kwanza, uhakikishe hakuna anayetumia masafa hayo, na utaje alama yako ya mwito. Pima uwiano katika megahezi 7.000, 7.050, 7.100, 7.150 na 7.200, ukiandika kila tarakimu. Siku hizi viko pia vipimo vidogo vya mkononi vinavyochora picha yote pasipo kuhitaji mashine. Mwenye uwezo wa kukiazima na akiazime, kwa maana kitamwonyesha hata masafa yaliyo nje ya bendi, asiporuhusiwa kurusha.

Tafuta mahali uwiano ulipo mdogo kuliko kwingine. Ukiwa chini ya masafa unayoyataka, waya ni mrefu mno. Ukiwa juu, waya ni mfupi. Hesabu ya kupunguza ni rahisi. Tuseme waya wote ni meta 20.6 na uwiano mdogo umeonekana kwenye megahezi 6.92, nawe wataka 7.1. Zidisha 20.6 kwa 6.92, gawanya kwa 7.1, utapata meta 20.08. Basi punguza sentimeta 52, yaani 26 kila upande. Usikate: kunja ncha, irudishe juu ya waya wenyewe na uifunge. Ukikosea utaikunjua. Pande zote mbili zipunguzwe sawasawa, na baada ya kila badiliko pandisha antena hadi kimo chake kabla ya kupima upya.

Huenda ukaona uwiano mdogo kabisa ni 1.4 au 1.5, wala hautaki kushuka. Antena ya aina hii ikiwa peke yake angani ina omu 73 hivi, na kukaribia ardhi huzibadili. Ukishusha ncha zake kidogo kama paa la nyumba, omu hupungua na kukaribia 50. Ukishafika hapo, pumzika. Kazi imekwisha.

Wengine watakuambia ununue tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha kinachowekwa baina ya mashine na kebo. Ni chombo chenye manufaa pale unapotaka kusogea kutoka upande huu wa bendi hadi ule. Lakini kielewe vema: kisanduku hicho huiridhisha mashine tu. Kebo na antena hubaki kama zilivyokuwa, na nguvu inayokwenda na kurudi katika kebo mbovu huendelea kuliwa njiani. Kukitumia ili kuficha waya uliokosewa ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya maumivu na kuuacha mguu uliovunjika bila kuufunga.

Jaribio la mwisho halimo katika kipimo chochote. Omba mwenzako aliye kilomita 50, na mwingine aliye kilomita 300, wakuambie jinsi wanavyokusikia. Andika majibu yao na tarehe. Rudia kila mwezi, na hasa baada ya mvua kubwa. Majibu yakibadilika na tarakimu za mezani zisibadilike, amini majibu.

NYUMBA, WATOTO NA RADI

Antena ni mali ya nyumba nzima, hivyo na watu wa nyumba nzima waijue. Wakati wa kurusha, ncha za dipoli huwa na volti nyingi sana, hata kama wati ni chache. Anayezigusa huungua, na kidonda chake huwa kirefu kwa ndani. Ncha zikae juu kuliko mkono wa mtu mzima aliyenyoosha, na mbali na mahali pa kuanikia nguo. Akina mama wana haki ya kudai hilo kabla waya haujapanda. Kamwe antena isipite juu wala chini ya nyaya za umeme wa nguzo, wala isiwe karibu nazo kiasi kwamba moja ikianguka itaigusa nyingine.

Juu ya radi, sisi tunaoishi katika nchi hizi za maziwa hatuhitaji kuhubiriwa sana. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikawaua watoto 18. Hakuna fyuzi wala swichi iwezayo kuhimili radi ikipiga moja kwa moja. Mawingu yakianza kukusanyika, fungua plagi ya antena na kuiweka nje ya dirisha, mbali na ukuta, kisha chomoa na waya za umeme. Ukisikia ngurumo tayari, usiiguse kebo kabisa. Ondoa watu katika chumba hicho na ungoje. Njia bora ni kuiacha plagi nje kila wakati usiozungumza, iwe desturi kama kufunga mlango usiku.

LESENI NA NIDHAMU

Hapa Uganda leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano, na alama zetu za mwito huanza kwa 5X. Wakenya ni 5Z, Watanzania 5H, Wanyarwanda 9X, Warundi 9U na Wakongo 9Q. Askari jeshi au polisi atakaye kuifanya kazi hii aanze kwa kumwarifu mkuu wake. Masafa ya kazi ni ya kazi, na ya ridhaa ni ya ridhaa. Asiyachanganye hata kwa utani. Na katika ridhaa hakuna maneno ya siri: kanuni za kimataifa zinakataza wenye ridhaa wa nchi mbalimbali kufichana maana ya ujumbe kwa mafumbo.

Pengine mtu atauliza, katika zama hizi za simu za mkononi, ya nini taabu yote hii? Namjibu kwa habari moja. Mwezi wa Desemba mwaka 2004 mwanamke mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, pamoja na wenzake wenye redio za ridhaa. Walikwenda huko ili watu wa dunia nzima wapate furaha ya kuzungumza na visiwa hivyo. Tarehe 26 tetemeko na mawimbi ya bahari yalivipiga visiwa, simu zikakatika. Kituo chake, kilichowekwa kwa ajili ya burudani, kikawa njia ya kupeleka habari za walio hai na maombi ya msaada kwa siku kadhaa. Siku ile ya maafa ilimkuta akiwa tayari yuko hewani.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno yangu yote. Daraja likifunikwa na maji, hakuna wakati wa kupanda ngazi, kukata waya na kulehemu. Utasikika kwa antena ile uliyoitengeneza siku ambayo hukuwa na haraka, na kwa kebo ile uliyoichunguza siku ambayo kipimo kilikuwa kikikusifu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kebo yangu iliyaficha maradhi yake nyuma ya tarakimu nzuri, nami nikaisaidia kuyaficha.

Mtoto yule aliyezaliwa ng'ambo ya daraja sasa anatembea. Huja kwangu mara kwa mara na mama yake, hupenda kuzungusha kitufe cha masafa na kucheka asikiapo mluzi. Kila mwezi, kabla sijaita, mimi hupanda ngazi kwanza nikautazama mdomo wa kebo. Nawe fanya hivyo, ndugu msomaji.